Althea Gibson alibeba Wimbledon mara mbili, akazeeka hana hela ya kodi. Kosa la nani?

#1 Mjukuu wa Sikonge

Wakuu, habari za jioni.

Binti yangu ameanza tenisi shuleni na kila siku ni habari za Serena. Nikaona nimtafutie na waliotangulia, ndiyo nikakutana na Althea Gibson. Wiki nzima sijatulia.

Huyu mama alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 huko Silver, South Carolina. Wazazi wake walilima pamba kwenye shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Akiwa bado mdogo wakahamia Harlem, New York. Mwaka 1957 akashinda Wimbledon na kupokea sahani ya ubingwa mkononi mwa Malkia Elizabeth. Mwaka 1958 akarudi akashinda tena. Ubingwa wa kwao Marekani nao akauchukua miaka hiyo hiyo miwili. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyewahi kufika hapo.

Sasa ruka mpaka mwaka 1995. Mama yule yule yuko East Orange, New Jersey, mgonjwa, kiharusi kimeshampitia, kodi imemshinda na dawa zimemshinda. Akampigia simu rafiki yake wa zamani Angela Buxton, Mwingereza, kumwambia amefika mwisho, hataki tena kuishi.

Binti kaniuliza, "Baba, zile hela za Wimbledon alizipeleka wapi?" Nimekosa jibu. Mnaojua naomba mnisaidie.

#2 Kipanga wa Mbagala

Mkuu, hakuzipeleka popote kwa sababu hazikuwepo. Ule ulikuwa wakati wa tenisi ya ridhaa. Bingwa wa Wimbledon alipewa kikombe, makofi na nauli ya kurudi kwao. Ukionekana umepokea hela ya kucheza unafutwa, huingii tena Wimbledon wala Paris wala Forest Hills, kwenye mashindano ya Marekani. Hela rasmi zimeanza 1970. Mwambie mtoto amezaliwa wakati mzuri.

#3 Mwalimu wa Zamu

Nasahihisha kidogo hapo kwa Kipanga. Ni 1968, si 1970. Wimbledon ya mwaka huo ndiyo ya kwanza kuruhusu wa ridhaa na wa kulipwa wacheze pamoja. Bingwa wa wanaume Rod Laver akapata pauni 2,000, bingwa wa wanawake Billie Jean King akapata pauni 750. Hata mlango ulipofunguka, wanawake waliingia wakiwa nyuma.

Mengine uliyosema ni sahihi. Alipomaliza chuo Florida A&M mwaka 1953, Althea alikwenda kufundisha elimu ya viungo Lincoln University, Jefferson City, Missouri. Tayari alikuwa kati ya wanawake kumi bora wa Marekani, lakini anaishi kwa mshahara wa mwalimu. Alifikia kutaka kuacha tenisi akajiunge na jeshi. Kilichomrudisha uwanjani ni ile ziara ya 1955, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilipomtuma Asia na wachezaji wenzake watatu. Huko alicheza mfululizo hadi mchezo ukakaa mwilini, na mwaka uliofuata akashinda Ufaransa.

#4 Bi Mkunde

Nimeguswa sana na uzi huu, asante mleta uzi.

Nimechezea netiboli timu ya mkoa miaka minne. Tukichukua ubingwa zawadi ni chupa ya chai na doti ya kanga, na tulifurahi kweli, tuliimba njia nzima kwenye lori. Goti lilipoachia nikiwa na miaka 24, hakuna aliyekuja. Mama yangu aliuza mbuzi wawili nikatibiwe. Kanga ninayo mpaka leo, imepauka.

Kwa hiyo mimi nikisikia neno ridhaa nauliza, ridhaa ya nani? Aliyeridhia ni mchezaji, au ni yule anayekusanya viingilio mlangoni?

#5 Yakhe wa Kibokoni

Salaam kutoka Mombasa. Bi Mkunde, pole sana dada yangu.

Lakini wazee, tukisema ni ridhaa tu tutakuwa tumekata maneno mapema. Mabingwa wanaume wa enzi hiyo walikuwa na pa kutokea. Don Budge alishinda mataji yote manne makubwa mwaka 1938, mwisho wa mwaka huo huo akaingia kwenye malipo. Jack Kramer akafanya hivyo hivyo 1947. Pancho Gonzales alichukua ubingwa wa Marekani 1948 na 1949, akaondoka. Walikuwa wakizunguka mji kwa mji, ukumbi kwa ukumbi, watu wanalipa kuwatazama.

Mwanamke alikuwa na ziara gani? Pauline Betz, bingwa wa Wimbledon 1946, alifutiwa uanachama wa ridhaa kwa kuonekana tu kwamba anapanga kuingia kwenye malipo. Hajalipwa bado, anaulizia tu! Basi mimi nasema kosa ni la kuzaliwa mwanamke katika mchezo ulioendeshwa na wanaume.

#6 Kipanga wa Mbagala

Mwalimu, nimekubali, 1968.

Yakhe, mbona huyo Gibson alipata ziara? Nimesoma kwamba mwaka 1959 alicheza kabla ya mechi za Harlem Globetrotters, ile timu ya mpira wa kikapu ya maonyesho, yeye na mchezaji mwenzake Karol Fageros, akalipwa karibu dola 100,000. Kwa wakati ule hiyo ni mali. Zilikwenda wapi? Hapo binti wa mleta uzi ana haki ya kuuliza.

#7 Jirani wa Branch Brook

Wapendwa, naandika kutoka Newark, New Jersey, mwaka wa kumi na moja niko huku. Katika bustani ya Branch Brook kuna sanamu ya huyu mama karibu na viwanja vya tenisi. Nilipita hapo miaka miwili bila kusoma jina lake, nikidhani ni mtu wa serikali ya mtaa. Siku nimesoma nilikaa kwenye benchi nikachelewa kazini.

Kipanga, zile hela za 1959 ndizo zilizomponza. Baada ya ule msimu aliona watu wanajaa, akaamini wamekuja kwa ajili ya tenisi. Akaandaa ziara yake mwenyewe, viti vikabaki vitupu, akatoka na madeni. Watu walikuwa wamefuata mpira wa kikapu.

Tena mnasahau jambo kubwa: rangi. Julai 1957, baada ya Wimbledon, New York walimfanyia gwaride Broadway, makaratasi yanamwagwa kutoka madirishani. Mmarekani mweusi wa pili kupewa heshima hiyo baada ya mwanariadha Jesse Owens. Mwezi huo huo alikwenda kucheza karibu na Chicago, hoteli za huko zikamkatalia chumba. Kampuni gani ingemwekea sura kwenye tangazo wakati ule?

#8 Fundi Nyuzi

Habarini. Mimi nafunga nyuzi za raketi, kazi niliyorithi kwa mjomba wangu Tanga, Mungu amrehemu.

Sijasoma vitabu vingi ila raketi za enzi ya huyu mama nimezishika. Ni mbao tupu. Mbao ikipata unyevu inapinda, kwa hiyo ukimaliza kucheza unailaza kwenye kibano cha mbao chenye skrubu nne, moja kila pembe, unakaza kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza pembe moja kwanza umeiharibu. Nyuzi zilikuwa za utumbo wa mnyama, jua likiwa kali zinakatika. Kupiga mpira kwa nguvu kwa kifaa kile ukaingia palipokusudiwa ni kazi ya mkono na jicho. Huyu mama alikuwa mrefu, karibu sentimita 180, mpira wake wa kuanzia ukisifiwa kwa kasi. Kwa mbao! Vijana wa leo wenye fremu za kaboni wampigie saluti.

Na mie nimeokota mipira klabu moja mjini tangu nina miaka tisa. Kati yetu kulikuwa na kijana anawashinda wanachama karibu wote. Walimwita acheze nao jioni mwenzao asipotokea. Wakimaliza wao wanaingia ukumbini kwa soda, yeye anazunguka nyuma kupokea za kwake dirishani. Sasa hivi anauza mkaa. Jina lake namwachia mwenyewe.

#9 Mwalimu wa Zamu

Mzee Fundi, hii habari ya dirishani imenikaa kooni.

Ngoja nimpe binti wa mleta uzi sehemu ninayoipenda. Mtaa waliokaa Harlem, wa 143, ulikuwa ukifungwa mchana ili watoto wacheze. Askari polisi wakaweka tenisi ya vibao, ile ya uwanja mdogo na kibao cha mbao badala ya raketi. Althea akiwa na miaka 12 akawa bingwa wa jiji. Shule hataki, nyumbani baba mkali, usiku mwingine anazunguka kwenye treni za chini ya ardhi mpaka asubuhi. Mwanamuziki mmoja, Buddy Walker, akamwona, akampa raketi na kumwambia apige ukutani. Kisha wanachama wa klabu ya weusi ya Cosmopolitan wakachangishana kumlipia mafunzo. Kocha wao Fred Johnson alikuwa na mkono mmoja. Ebu mfikirie huyo mtu, anarusha mpira na kuupiga kwa mkono ule ule, na ndiye anayemfundisha bingwa wa kesho.

Baadaye madaktari wawili weusi, Hubert Eaton wa Wilmington na Walter Johnson wa Lynchburg, wakamchukua kama mtoto wao. Mmoja anakaa naye wakati wa shule, mwingine wakati wa kiangazi. Johnson huyo ndiye aliyekuja kumlea Arthur Ashe.

#10 Tumaini Jipya

Samahani wakuu, mimi najua Arthur Ashe ndiye mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon. Au nimekosea? Na huyu dada si alimshinda Darlene Hard fainali zote mbili?

#11 Jirani wa Branch Brook

Tumaini, Ashe ni mwanamume mweusi wa kwanza, mwaka 1975. Althea alimtangulia kwa miaka 18.

Fainali ya 1957 ni Darlene Hard, 6-3 6-2. Ya 1958 ni Angela Mortimer wa Uingereza, 8-6 6-2. Hard alimkuta tena kwenye fainali ya Marekani mwaka huo wa 1958, na ile ilikuwa ngumu, seti ya kwanza Althea aliipoteza. Kuna kitu kizuri hapo: Hard aliyepigwa 1957 ndiye mwenzake waliyechukua naye ubingwa wa wawili wawili Wimbledon mwaka huo huo.

Na taji la kwanza kubwa si Wimbledon. Ni Ufaransa 1956, alipomshinda huyo huyo Mortimer 6-0 12-10.

#12 Tumaini Jipya

Asante dada, nimeelimika.

#13 Mkongwe wa Kariakoo

Nimesoma yote kimya kimya. Naleta lingine, msinipige mawe.

Tunamfanya huyu mama kama jani lililopeperushwa na upepo. Alikuwa mtu mwenye uamuzi wake. Magazeti ya weusi wenyewe yalimlaumu kwamba ana kiburi. Walitaka awe kama Jackie Robinson wa besiboli, abebe bendera ya watu wake kila anapofungua mdomo. Yeye akasema wazi kwamba anacheza kwa ajili yake mwenyewe, na kama mchezo wake unawasaidia wenzake basi ni heri. Mwisho wa 1958, akiwa kileleni, akaacha tenisi ya ridhaa. Akatoa santuri, akaigiza kwenye filamu ya mwongozaji John Ford. Kisha akahamia gofu, na mwaka 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenye ziara ya LPGA, ile ya gofu ya kulipwa ya wanawake, akiwa na miaka 37. Mchezo mgeni, katika umri ambao wengine wanastaafu. Hakushinda hata shindano moja, karibu zaidi ni pale alipolingana nafasi ya pili 1970.

Nasema hivi kwa heshima. Nilikuwa na kaka yangu bondia, naye aliacha kamba akiwa juu akafungua baa. Hakuna aliyemsukuma.

#14 Bi Mkunde

Kaka Mkongwe, sikupigi mawe, ila nakuuliza. Aliacha ridhaa akiwa kileleni kwa sababu gani? Mwenyewe alikuwa akisema taji ni zuri lakini huwezi kulila. Mtu ana miaka 31, ni bingwa wa dunia, na hana kipato. Ungemshauri abaki akusanye vikombe?

Na huko kwenye gofu kuna klabu zilizomruhusu uwanjani zikamfungia chumba cha kubadilishia. Alikuwa akivaa viatu ndani ya gari lake. Hebu jaribu kufunga kamba za viatu vya gofu magoti yamegusa usukani, halafu ushuke ukapige mpira mkono umetulia. Huyo ndiye unayesema alichagua?

#15 Mkongwe wa Kariakoo

Hilo la viatu sikulijua, dada. Limenigusa. Lakini bado nasema alichagua, na kuchagua kwake ni sehemu ya ukubwa wake. Mkimwondolea uamuzi mnampunguza.

Hata ile filamu, maneno aliyoandikiwa kuyasema yalikuwa ya kitumwa, ya kuvunja vunja lugha. Alikataa mbele ya John Ford, ikabidi yabadilishwe. Mwenye njaa angeweza kunyamaza.

#16 Yakhe wa Kibokoni

Hapo umenena, mzee wangu. Nakubaliana nawe nusu, nusu nabaki na Bi Mkunde.

Jamani, hakuna aliyetaja radi? Agosti 1950, Forest Hills. Mpaka mwaka ule hakuna mweusi aliyewahi kuingia kwenye mashindano ya taifa ya Marekani. Bingwa wa zamani Alice Marble aliandika barua kali kwenye gazeti la tenisi kuwaambia wenye mchezo waone haya, wakafungua mlango. Raundi ya kwanza akashinda. Raundi ya pili akakutana na Louise Brough, bingwa wa Wimbledon. Seti ya kwanza 1-6, ya pili 6-3, ya tatu Althea anaongoza 7-6. Mara mbingu zikafunguka. Radi ikapiga, ikaangusha tai wa mawe aliyekuwa juu ya uwanja! Mechi ikaahirishwa. Usiku mzima binti wa watu analala na gemu ile kichwani. Kesho yake wakarudi, dakika chache tu Brough akamaliza 9-7.

Mimi huwaza, mvua ingechelewa nusu saa, maisha yake yote yangekuwa mengine. Miaka sita ilipita mpaka taji kubwa la kwanza. Sita, za umri wa nguvu!

#17 Kipanga wa Mbagala

Yakhe, mvua haikumnyima hela. Angeshinda siku ile angepewa raundi ya tatu. Bado narudi kwenye ridhaa. Hata Ashe mwaka 1968 alishinda US Open, na kwa kuwa alikuwa bado wa ridhaa hela ya bingwa, dola 14,000, ikachukuliwa na Tom Okker, aliyeshindwa naye fainali. Ashe akaambulia posho ya kila siku. Sasa huyo ni mwanamume, msomi, ofisa wa jeshi, na bado.

#18 Jirani wa Branch Brook

Kipanga, Ashe akaingia kwenye malipo akiwa kijana, akapata mikataba. Althea 1968 alikuwa na miaka 41. Mlango mmoja, mmoja yuko mlangoni, mwingine ameshazeeka akiusubiri.

Niongeze jambo wanalolisema wazee wa huku. Alifanya kazi za umma New Jersey miaka mingi, akifundisha watoto wa mitaani na kusimamia michezo. Katikati ya miaka ya 1970 akawa kamishna wa michezo wa jimbo. Hakuwa mvivu wala mfujaji. Kilichommaliza ni ugonjwa, na nchi hii ukiugua bila bima ya maana, akiba ya miaka thelathini inayeyuka. Nimeona kwa jirani yangu, mpishi wa shule, aliyeuza nyumba kwa ajili ya figo. Huyo hakucheza tenisi wala nini.

#19 Mjukuu wa Sikonge

Wakuu, nimemsomea binti yote. Alinyamaza kwenye viatu vya garini. Kisha akauliza, "Huyo Angela wa kwenye simu alifanya nini?" Nani anajua?

#20 Mwalimu wa Zamu

Buxton alituma hela zake kwanza. Kisha akaandika barua kwenye jarida la tenisi la Marekani, akaeleza hali ya mwenzake bila kuficha. Bahasha zikaanza kuingia East Orange kutoka nchi nyingi, za watu waliomwona akicheza na wasiowahi kumwona. Akaishi miaka mingine minane, akafariki tarehe 28 Septemba 2003 akiwa na miaka 76.

Mwambie na hili. Mwaka 1956 hao wawili walishinda ubingwa wa wawili wawili Paris na Wimbledon. Buxton alikuwa Myahudi, na klabu za Uingereza za wakati ule hazikumtaka kama zile za Marekani zisivyomtaka Althea. Walikuwa hawana wa kucheza nao, wakachezeana.

#21 Bi Mkunde

Walikuwa hawana wa kucheza nao, wakachezeana. Mwalimu, hii naiandika ukutani kwangu.

#22 Mkongwe wa Kariakoo

Basi na waliomchangia Harlem nao wahesabiwe. Mwanzo alibebwa na michango ya klabu ya mtaani, mwisho akabebwa na bahasha za wasomaji. Katikati, penye vikombe, ndipo palipokuwa hapana kitu.

#23 Yakhe wa Kibokoni

Katikati ilikuwa kwa wenye viwanja, mzee wangu. Forest Hills haikujaa watu bure.

#24 Fundi Nyuzi

Mleta uzi, nimesoma pale kwenye tenisi ya vibao nikapata wazo. Ninacho kipande cha mninga kikavu, nimekiweka muda mrefu. Nitamchongea binti kibao kama kile cha Harlem, cha kupigia ukutani, bure kabisa. Nipe kimo chake na mkono anaotumia.

#25 Mjukuu wa Sikonge

Mzee Fundi, sina la kusema, Mungu akubariki. Ana miaka kumi, ananifika kifuani. Anatumia mkono wa kushoto.

#26 Fundi Nyuzi

Kushoto! Basi vizuri umeniambia mapema. Utepe wa mshikio nitauzungusha kinyume, la sivyo unafumuka mkononi. Nipe wiki mbili mbao itulie.